Kwa Wasio wa Fani

Kwenye ratiba mlangoni somo lina jina refu:
Hesabu na Kompyuta kwa Wasio wa Fani.
Sisi tunaliita Ijumaa, saa nane mchana,
baada ya posho na maharage,
kope zikiwa na uzito wa mawe ya kusagia.

Wasio wa fani ndio sisi:
wauguzi wanaonukia dawa ya wodini,
vijana wa kilimo, matope ya shamba la chuo bado viatuni,
Ezati wa muziki, anayegonga dawati kwa kucha hata akikanywa,
na mimi wa historia, niliyeikimbia hesabu tangu darasa la nne,
nikadhani karne zilizopita ni mbali vya kutosha kujificha.

Kompyuta kumi na nne. Watu arobaini na mmoja.
Gawanyeni, akasema Mwalimu Candiru siku ya kwanza.
Wawili wawili, baki kumi na tatu.
Sasa hao kumi na tatu si baki. Sogezeni viti.

Yetu haina kitufe cha saba.
Tukitaka saba tunaandika nane kutoa moja,
na mashine, bila kuuliza saba yetu imekwenda wapi,
inatupa saba.
Hapo ndipo nilipoanza kuipenda, kidogo.

Zoezi la muhula: leteni takwimu za kwenu,
msiniletee za kitabuni.
Nikaleta daftari la mama.

Mama anauza ufuta na karanga sokoni Arua.
Wadeni kawaandika kwa kalamu ya bluu;
aliyelipa anapigwa mstari mmoja mnene juu ya jina
kama mtu anayekomea mlango.
Nikaingiza: Onzima, elfu tisa.
Bi Feruzi, elfu nne mia tano.
Fundi wa redio, jina halikujulikana, elfu mbili.
Draru wa ng'ambo ya Enyau,
kiasi: Mungu anajua.
Juma lililofuata, Draru: Mungu anajua.
Na lililofuata.

Nikaandika kama ilivyo. Waraka hauguswi, ndivyo tunavyofunzwa.
Nikajumlisha kisanduku kwa kisanduku,
na mahali pa jibu mashine ikanitolea alama ya reli
na neno la kukataa, kwa herufi kubwa.

Nikampigia simu. Huyu Draru unamdai ngapi?
Nikasikia kopo likichota, likimwaga, likichota.
"Andika nilivyoandika."
Mashine inakataa, mama.
"Basi haikuwepo mwaka ule wa surua."
Akakata. Ana wateja.

Mwalimu Candiru aliinama juu ya bega langu,
akasoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Weka sifuri, nikamwambia, nimalize?
Hapana, akasema. Sifuri ni ushahidi:
umetazama, hukuona deni.
Kisanduku kitupu ni kukiri kwamba hujui.
Hivi viwili si ndugu,
na ninyi wa historia ndio mngetufundisha hilo.

Nikaacha vitupu, vyote vitatu.
Jumla ikaja mara moja, imenyooka,
na sikuiamini hata kidogo.

Nilipata kumi na tatu kati ya ishirini.
Tarehe sikuzipanga, na safu ya bei
ilikuwa nyembamba, tarakimu zikageuka nyavu.

Jumamosi nikampelekea mama karatasi iliyochapwa.
Aliishika mbali na macho, akashuka nayo kwa kidole.
"Onzima alilipa jana. Mashine yako imechelewa."
Akampiga Onzima mstari.
Akafika kwa Draru, kwenye weupe,
kidole kikatua pale, kikapita.

Kisha akaikunja karatasi nzima kuwa pembe,
madeni yote yakiwa ndani,
akaijaza karanga mpaka zikamwagika,
akaongeza konzi moja ambayo haikupimwa,
akanituma ng'ambo ya Enyau.